Kidahwe Njia Panda: Mzazi Mwislamu na Shule ya Sekondari ya Kijijini



Wapenzi wasomaji, kila mwaka unapokaribia kwisha, majina ya watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hutangazwa, na katika nyumba nyingi za huku kwetu Kigoma huanza mashauri. Baba husema hili na mama husema lile. Mmoja aihofia njia ndefu, mwingine aihofia dini ya mtoto, na wa tatu ahesabu bei ya sare na madaftari. Januari ifikapo, wako watoto waendao shule, na wako wasioonekana huko kabisa. Kwa hiyo tumeona yafaa kuwaeleza wazazi, hasa wa Kidahwe na vijiji vya jirani, shule ya sekondari ya kijijini ni kitu gani, yafundisha nini, yamtaka mzazi afanye nini, na mtoto wetu wa madrasa atakaaje ndani yake bila kupoteza kile tulichompa.

MAHALI PENYEWE

Kidahwe iko mashariki ya mji wa Kigoma, yapata kilometa 30 kwa barabara ya lami. Hapo njia hugawanyika. Moja yaenda Kasulu, kilometa 63, kisha yaendelea Kibondo hata Nyakanazi. Ya pili yashika upande wa Uvinza, kilometa 77 hivi, penye chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamezitumia tangu karne nyingi zilizopita. Msafiri atokaye ziwani, akienda Mwanza au Tabora kwa gari, mara nyingi hupita hapa. Wengi hupita wamelala.

Asiyelala ataona nchi ya vilima na mabonde, ambayo maji yake huuendea Mto Luiche umwagao ziwani kusini ya Ujiji. Ataona mihogo, maharage na mahindi, na juu ya yote ataona michikichi. Wenyeji ni Waha, watu wa jembe, nao hukamua mawese kwa ajili ya kula na mise kwa ajili ya sabuni. Ataona pia nguzo kubwa za chuma. Kwa miaka mingi mkoa wetu uliwashiwa taa kwa mitambo ya dizeli, na Kidahwe ndipo palipochaguliwa pajengwe kituo cha kupoza umeme uletwao kutoka Nyakanazi kwa njia ya kilovolti 400.

Haya hatuyasemi kwa kusifu chuma. Twasema kwa kuwa nyaya hizo zapita juu ya vichwa vya watoto wetu, na mashine zile zitahitaji mafundi mwaka huu na miaka 40 ijayo. Je, mtoto wa Kidahwe atakuwa fundi wa mashine hizo, ama atakuwa mlinzi wa lango lake? Kazi ya mlinzi ni ya halali na ya heshima. Lakini ni vibaya mtoto aishike kwa sababu tu hakuna aliyemfungulia mlango mwingine.

KWA NINI TULICHELEWA

Sisi watu wa Ziwa si wageni wa kusoma. Katika miaka ya 1870, Mwinyi Kheri alipokuwa mkubwa wa Ujiji, palikuwa na watu hapo wasomao Qur'ani, na barua za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu zikapelekwa na misafara hata Tabora na pwani. Wamisionari wa London walifika Ujiji mwaka 1878, na Mapadre Weupe wakafuata mwaka 1879. Walikuta mji wenye kalamu.

Ila baadaye, wakati wa Waingereza, shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na Serikali ikazisaidia kwa fedha. Wazee wetu waliogopa. Walisema, mtoto akienda kusoma huko atarudi amebadili jina. Hofu hiyo haikuwa ya upuuzi, kwani walichokuwa wakikilinda ni amana kubwa kuliko zote. Lakini tulipowaficha watoto wetu nyuma ya nyumba, wenzetu walisoma. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, wasomi wa Kiislamu walikuwa wachache mno kuliko idadi ya Waislamu wenyewe.

Tangu hapo mambo yamegeuka. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule nyingi za mashirika ya dini mikononi mwa Serikali, na mtoto haingii shule ya Serikali kwa sharti la dini. Sababu ya hofu ile imeondoka, lakini hofu yenyewe imebaki katika baadhi ya nyumba, kama mtu aendeleaye kubeba mwavuli na mvua imekwisha zamani.

SHULE YA KATA NI NINI

Zamani shule ya sekondari ilikuwa mjini, au mbali sana, na mtoto wa kijijini aliyechaguliwa alihesabiwa kama aliyepata bahati ya ajabu. Mwaka 2004 Serikali ilianza mpango mkubwa wa kuongeza sekondari, kila kata iwe na yake, na wananchi walijitolea mchanga, mawe na nguvu zao. Mwaka 2005 nchi nzima ilikuwa na sekondari 1,745. Mwaka 2010 zilikuwa 4,266. Ndizo ziitwazo shule za kata. Wako waliozibeza wakisema majengo yapo na walimu hawapo. Ni kweli kwamba mwanzoni nyingi zilikosa walimu wa sayansi, maabara na vitabu. Lakini lau zisingalijengwa, watoto wengi sana waliosoma humo wasingaliona darasa la sekondari maishani mwao.

Ada imeondolewa. Kabla ya mwaka 2016 mzazi alilipa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mtoto wa kutwa na 70,000 kwa mtoto wa bweni. Tangu Januari 2016 ada hiyo haipo kwa kidato cha 1 hata cha 4 katika shule za Serikali, na mwaka 2022 ikaondolewa pia kwa kidato cha 5 na cha 6. Mzazi asidanganyike, hata hivyo, akadhani hakuna gharama yoyote. Sare, viatu, madaftari na vifaa vya hesabu ni juu yake, na penye makubaliano ya chakula cha mchana ni wajibu atoe sehemu yake. Mtoto akaaye na njaa tangu asubuhi hata saa 9 husikia sauti ya mwalimu, lakini maneno hayamwingii.

Masomo yenyewe ni ya kila namna: Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, Fizikia, Kemia, Biolojia, Jiografia na Historia, na mengine ya kuchagua. Kuanzia mwaka 2024 mitaala mipya imekuwa ikiingia hatua kwa hatua, na sekondari imegawanywa mikondo miwili. Mkondo wa jumla ni huo wa masomo tuliyoyataja. Mkondo wa amali humfundisha mtoto pia ujuzi wa mikono, kama ufundi au kilimo. Basi mzazi na aulize mapema: shule hii ina mkondo upi, na mtoto wangu aelekea wapi? Sera hiyo mpya imekusudia kila mtoto asome miaka 10 kwa lazima, 6 ya msingi na 4 ya sekondari. Jambo ambalo leo baadhi yetu tunalifanyia mashauri, kesho litakuwa amri kwa wote.

JUA LA KIGOMA

Sasa tuseme juu ya siku ya mwanafunzi, kwa kuwa hapa pana jambo ambalo wakubwa walio mbali huenda wasilikumbuke. Saa ya Tanzania ni moja, lakini jua si moja. Sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi, na jua hutufikia kiasi cha dakika 40 baada ya kuwafikia watu wa Dar es Salaam. Kwetu huchomoza karibu na saa 1 asubuhi, ilhali shule huanza saa 1 na nusu. Mtoto akaaye kilometa 5 kutoka shuleni yampasa atoke nyumbani saa 12, na saa 12 ya Kidahwe ni giza.

Kwa hiyo, ewe mzazi, usimwache mtoto atembee peke yake. Wazazi wa kitongoji kimoja na wapatane, watoto waondoke pamoja baada ya Sala ya Alfajiri, wakubwa mbele na wadogo kati. Ikiwa shule ina bweni au hosteli, hasa kwa wasichana, uliza juu ya nafasi, juu ya mlezi wa bweni na juu ya uzio. Serikali, kwa mradi uitwao SEQUIP, imekuwa ikijenga sekondari mpya ili kupunguza umbali huu. Bado mzazi ndiye wa kwanza kuuhesabu kwa miguu yake mwenyewe. Itembee njia hiyo mara moja, saa ile ile atakayotembea mwanao, ndipo utakapojua unamtuma wapi.

Jua hili hili lina faida yake kwa mwenye kusali. Adhuhuri huku huingia karibu saa 7 mchana, na Alasiri baada ya saa 10. Masomo humalizika kama saa 8 na nusu au saa 9. Basi ni Adhuhuri peke yake iangukayo ndani ya masomo, na nafasi yake ni ndefu: mtoto aweza kuisali wakati wa mapumziko ya mchana, au mara tu atokapo darasani. Alasiri itamkuta nyumbani au madrasani. Kwa Ijumaa, wazee wa msikiti na waende kwa mkuu wa shule kwa adabu, wapatane naye saa ya kuwaruhusu wavulana. Mambo haya hupatana watu wanapokwenda mapema na kwa maneno mema, kabla ya neno lolote kuharibika.

DINI NDANI YA SHULE

Wako wazazi wasemao, "Mwalimu wa sekondari huenda si Mwislamu, nimpeje mwanangu?" Na tukumbuke vita vya Badri. Miongoni mwa mateka wa Makka walikuwamo waliojua kuandika, wala hawakuwa na mali ya kujikombolea. Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie, alikubali ukombozi wao uwe kuwafundisha kuandika watoto 10 wa Madina kila mmoja. Walimu hao walikuwa washirikina, tena maadui wa jana. Hakuna mtoto wa Ansari aliyeacha imani yake kwa sababu ya herufi alizofundishwa nao, kwa kuwa nyumbani kwake imani ilikuwa na mwenyewe.

Hapo ndipo penye siri yote. Katika ratiba za shule zetu hutengwa kipindi cha dini, kila watu na dini yao. Wasichana wetu waruhusiwa kuvaa hijabu pamoja na sare. Na tena, Elimu ya Dini ya Kiislamu ni somo kamili katika mtihani wa kidato cha nne, na lugha ya Kiarabu kadhalika. Mtoto aliyekwisha kukhitimu juzuu zake, akajua nguzo, udhu, sala na sira, hulianza somo hilo akiwa mbali mbele ya wenzake.

Lakini kipindi chahitaji mtu. Mara nyingi saa ya dini hufika, wanafunzi wakaketi, na hakuna mwalimu wa kuingia. Hapo tusimlaumu mkuu wa shule, wala tusiilaumu Serikali. Kiti hicho ni chetu. Sisi walimu wa madrasa, ambao wengi wetu hatukwenda mbali na shule ya msingi, tuna kitu ambacho kipindi hicho chakingoja. Yatupasa kujipanga, kila msikiti na shule iliyo karibu nao, mtu mmoja awe na siku yake, aende na kitabu chake na mavazi safi, afike kwa wakati, wala asikatishe. Na saa za madrasa nazo tuzigeuze: baada ya Alasiri, na Jumamosi na Jumapili asubuhi. Mtoto asiambiwe achague kati ya mlango huu na ule, ilhali yote miwili ni ya nyumba moja.

HABARI YA BINTI

Tunafika penye jambo zito. Binti akifika umri wa kidato cha pili au cha tatu, huja mposaji. Mara ana pikipiki, mara ana duka. Baba huona mzigo umepungua. Ndugu zangu, tangu mwaka 2016 sheria yasema kwamba kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, au kumpa mimba, adhabu yake yafika kifungo cha miaka 30. Sheria hiyo humfuata aoaye, na anayesaidia naye hujitia mashakani.

Lakini hatutaki mzazi amwache binti shuleni kwa kuogopa jela tu. Bibi Hafsa, mke wa Mtume, alifundishwa kuandika na mwanamke, jina lake ash-Shifa binti Abdullah, na ni kwa Bibi Hafsa ambako kurasa za Qur'ani zilizokusanywa zilihifadhiwa hata wakati wa Sayyidna Uthman. Fikiri ewe mzazi: amana hiyo iliwekwa katika nyumba ya mwanamke aliyejua kusoma. Nasi twahitaji wauguzi wa Kiislamu katika zahanati zetu, watakaowapokea mama zetu kwa stara wakati wa kujifungua. Watatoka wapi, ikiwa kila baba amtaka muuguzi mwanamke kwa mkewe, lakini hataki bintiye asome Biolojia?

Na ikiwa jambo limekwisha kutokea, binti akapata mimba, mlango haukufungwa. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana wa namna hiyo kurudi shuleni baada ya kujifungua. Mwenyezi Mungu ni Mwenye kupokea toba. Basi sisi tusiwe wagumu kuliko Mola wetu.

LUGHA NA MTIHANI

Shida ya kwanza ya mtoto wa kijijini huko sekondari ni lugha. Nyumbani asema Kiha, shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili, madrasani amesoma kwa Kiarabu, na ghafula kila kitu chageuka Kiingereza. Wengi hunyamaza darasani mwaka mzima, na mzazi hudhani mtoto hana akili. La hasha! Mtoto mwenye lugha tatu kichwani aweza kupata ya nne, akipewa muda na kitabu. Zayd bin Thabit aliamriwa na Mtume kujifunza maandishi ya Mayahudi, akajifunza kwa siku chache, naye ndiye aliyekuja kukabidhiwa kazi ya kukusanya Qur'ani. Kujua lugha ya watu wengine hakukumtoa katika Uislamu. Kulimfanya afae zaidi. Msaada wa mzazi hapa ni mwepesi: taa ya kusomea, saa moja ya usiku isiyo na kazi za nyumbani, na kamusi moja.

Mzazi naye ajue kuusoma mtihani, asije akadanganywa na neno "nimefaulu". Kidato cha pili kuna upimaji wa taifa. Kidato cha nne kuna mtihani wa mwisho, ufanywao Novemba. Huhesabiwa masomo 7 ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, na F ni 5. Hivyo mwenye pointi chache ndiye aliye mbele. Daraja la kwanza ni pointi 7 hata 17, la pili 18 hata 21, la tatu 22 hata 25, la nne 26 hata 33, na zaidi ya hapo ni sifuri. Aliyefanya vizuri huweza kwenda kidato cha tano, au vyuo vya afya na ualimu, kama Chuo cha Ualimu Kasulu. Aliyeteleza hakutupwa, VETA ya Kigoma ipo, na ufundi ni riziki.

YAMPASAYO MZAZI

Tukusanye basi. Mtoto akichaguliwa, mpeleke siku ile shule inapofunguliwa, wala usingoje mavuno, kwani masomo ya mwanzo ndiyo msingi wa yote. Mjue mwalimu wa darasa kwa jina, naye akujue. Nenda kwenye mikutano ya wazazi. Asiyekuwapo hupangiwa na waliokuwapo. Kila mwezi litazame daftari la mwanao, hata kama huelewi kilichoandikwa: daftari tupu lajulikana na kila mtu. Na siku ya soko au ya kukamua mawese, usimzuie nyumbani.

Watu wa Kidahwe hawahitaji kufundishwa subira na mtu wa mjini. Apandaye mchikichi hulimia shina lake miaka mitatu minne kabla ya kuona chikichi la kwanza, wala haung'oi mwaka wa pili akisema hauzai. Huujua mti wake, akangoja. Sekondari nayo ni miaka minne. Mtoto aliyeng'olewa kidato cha pili ni mche uliokatwa ukikaribia kuzaa, na hasara yake hailipwi na mahari wala na kibarua cha msimu mmoja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaongoze watoto wetu wa Kidahwe, wa Ujiji na wa pwani yote ya Ziwa, awape elimu yenye manufaa hapa duniani na huko Akhera, awalinde njiani asubuhi na jioni, na atupe sisi wazazi na walimu moyo wa kutimiza lililo juu yetu. Amin.